Kodi ya Galesburg ni nafuu, lakini tutaiweza baridi yake?

BARUA

Wapendwa washauri,

Tunaishi Dallas, Texas, huu mwaka wa sita, sisi Wakongo tuliotokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mimi nasafisha vyumba hotelini, mume wangu yuko ghalani. Watoto ni watatu: wa miaka 11, wa 7 na wa 2. Yule wa kati ana pumu.

Binamu wa mume wangu anaishi Galesburg, Illinois, na anafanya kazi kiwanda cha nyama kilichoko Monmouth. Anasema nafasi zipo, na ametutafutia nyumba ya vyumba vitatu kwa dola 700 kwa mwezi. Hapa tunalipa 1,650 kwa vyumba viwili. Nyumba ni ya mbao, ya ghorofa moja, ya zamani sana. Gesi, umeme na maji tutajilipia wenyewe. Mwenye nyumba anataka jibu kabla ya Novemba kwisha, tuingie Januari.

Mume wangu ameshahama kwa moyo. Mimi nakumbuka Februari 2021, umeme ulipokatika hapa tukalala wote kitanda kimoja na makoti. Kama Texas ilikuwa vile, huko kutakuwaje? Tena nasikia mji huo unapungua watu mwaka hadi mwaka, naogopa tusije tukahamia mahali wenyewe wanapokimbia. Akiba yetu ni dola 3,800. Twende au tubaki?

Mama wa Watatu, Dallas

JIBU

Dada, pole kwa mashaka. Nendeni, lakini watoto wasiende Januari, na msisaini mkataba wa nyumba hiyo kabla mtu wenu hajashuka chini ya nyumba na kuikagua. Baridi ya huko inawezekana kabisa. Kinachoumiza familia zinazotoka kusini ni nyumba iliyochaguliwa kwa kutazama kodi peke yake.

Tuanze na hilo la watu kupungua, maana ndilo linaloeleza ile dola 700. Mwaka 1960 Galesburg ilikuwa na watu 37,243. Sensa ya 2020 ilihesabu 30,052. Mji ulijengwa na reli na viwanda, na pigo kubwa lilikuja 2004, kiwanda cha majokofu cha Maytag kilipofungwa na kazi yake kuhamishiwa Reynosa, Mexico. Kazi kama 1,600 zilipotea. Wafanyakazi wakaondoka, nyumba zao zikabaki, na ndiyo sababu leo kuna nyumba kubwa za mbao zenye kodi ndogo. Lakini mji haujafa. Reli ya BNSF bado ina yadi kubwa pale, treni za abiria za kwenda Chicago zinasimama kila siku, kuna chuo cha Knox, na kuna chuo cha jamii cha Carl Sandburg ambako watu wazima husoma Kiingereza. Wakongo ni wengi kiasi kwamba hutakosa mtu wa kusali naye wala wa kukushikia mtoto.

Kupungua huko kuna gharama yake, nanyi mtaionja. Hospitali ya pili ya mji, Cottage, ilifungwa Januari 2022, ikabaki ya OSF St. Mary. Daktari bingwa wa pumu ya mtoto huenda mkamfuata Peoria, kilomita kama 80. Mabasi ya mjini yapo, lakini hayaendi na zamu za kiwandani. Bila gari mtataabika.

Sasa baridi. Katikati ya Januari, mchana wa kawaida hukaribia nyuzi sifuri za Selsiasi, usiku hushuka hadi −9 au −10. Ile Februari 2021 Dallas ilifika −19. Galesburg hupata usiku wa namna hiyo karibu kila mwaka, na kwa kawaida taa zinaendelea kuwaka na maji yanaendelea kutoka, kwa sababu mabomba ya mtaani yamefukiwa kina cha zaidi ya mita moja na mitambo ya umeme imeandaliwa kwa baridi. Mlichokiona Dallas ni mji ulioshikwa bila koti. Hata hivyo Illinois nayo ina siku zake mbaya: tarehe 31 Januari 2019 Moline, mwendo usiofika saa moja kaskazini mwa Galesburg, ilishuka hadi −36. Siku kama hiyo hakuna koti litakalokuokoa kama hita ya nyumba imezima, kwa hiyo tuingie nyumbani.

Mwambie shemeji yako, huyo binamu, aende kwenye nyumba hiyo mchana, akiwa na tochi, sumaku ndogo ya kubandika kwenye friji, na funguo. Ashuke besimenti, kile chumba cha chini ya ardhi. Akifika asimame kwanza anuse. Harufu ya udongo uliolowa na madoa meusi kutani ni kuvu, na kwa mtoto wenu wa pumu hilo peke yake linatosha kuikataa nyumba, kwa sababu hita huvuta hewa ya besimenti na kuisambaza vyumba vyote.

Kisha aitazame hita kuu. Bomba lake la moshi likiwa la chuma na linaingia kwenye dohani ya matofali, hiyo ni hita ya aina ya zamani: katika kila dola 100 za gesi, 20 au zaidi hutoka na moshi. Hita mpya hutoa moshi wake kwa bomba jeupe la plastiki linalotoboa ukuta, na upotevu wake hauzidi dola 10. Akipige picha kibandiko chenye mwaka wa kutengenezwa. Hita ya zaidi ya miaka 20 inaweza kufanya kazi bado, lakini muulizeni mwenye nyumba ikizima Jumamosi usiku anampigia fundi gani na anakuja baada ya saa ngapi. Jibu hilo liandikwe kwenye mkataba.

Palepale atafute bomba la maji linaloingia kutoka mtaani, kabla halijafika kwenye mita. Alikwaruze kidogo kwa funguo. Likionyesha rangi ya senti moja, ni shaba, vizuri. Likishika sumaku, ni chuma. Likiwa laini, likang'aa kama fedha pale alipokwaruza na sumaku haishiki, ni risasi. Galesburg ni miongoni mwa miji yenye mabomba ya risasi ya tangu zamani, na umekuwa ukiyabadilisha. Risasi huharibu ubongo wa mtoto mdogo polepole, bila homa wala dalili, na mwanao wa miaka miwili yuko katika umri wa hatari kabisa. Jambo moja tunalisisitiza kwa sababu kwetu tumezoea kinyume chake: kuchemsha maji hakuondoi risasi, kunaizidisha kwa kuwa maji hupungua na risasi hubaki. Tumieni maji ya bomba la baridi peke yake kwa kunywa, kupikia na maziwa ya mtoto. Asubuhi yaacheni yatiririke dakika kadhaa kwanza, na mnunue chujio lenye alama ya NSF 53 lililoandikwa wazi kwamba linaondoa risasi. Machujio mengi ya bei rahisi huondoa ladha ya klorini tu.

Rangi ya kuta nayo ina habari hiyohiyo. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inaweza kuwa na rangi ya risasi, na sheria ya Marekani inamlazimu mwenye nyumba kuwapa kijitabu cha maelezo na karatasi ya kueleza anachokijua, kabla hamjasaini. Pa kutazama hasa ni madirisha ya kusukuma juu na chini, maana yanaposuguana hutoa vumbi, na mtoto hushika pale akatia kidole mdomoni. Vumbi hilo lipanguseni kwa kitambaa kilicholowa, msifagie. Na mwombe daktari ampime mtoto risasi kwenye damu mara mkifika, kisha tena baada ya miezi sita hivi. Kuanzia mikrogramu 3.5 kwa desilita, daktari anatakiwa kufuatilia.

Madirisha yenyewe yana jaribio rahisi. Washa tochi ya simu karibu na kioo usiku: kioo kimoja huonyesha mwangaza mmoja, viwili huonyesha miwili iliyoachana. Kioo kimoja kikiwa hakina dirisha la pili la nje, kila chumba kitahitaji karatasi ya plastiki ya dirishani. Huuzwa kwa pakiti pamoja na gundi ya utepe: unabandika kwenye fremu, unaipuliza kwa mashine ya kukausha nywele, inakaza kama ngozi ya ngoma. Ifanyeni Oktoba, ukuta ukiwa bado na joto, la sivyo gundi haishiki.

Sasa hesabu. Nyumba ya mbao ya ghorofa, yenye madirisha ya kioo kimoja na hita ya zamani, inaweza kumeza dola 300 na zaidi kwa gesi na umeme mwezi wa Januari peke yake. Msikubali kuambiwa "si nyingi". Mwombeni mwenye nyumba awaonyeshe bili za Januari na Februari zilizopita. Na kama nyumba imegawanywa kwa wapangaji wawili, ulizeni mita ziko ngapi. Mita ikiwa moja, sheria ya Illinois inamtaka mwenye nyumba awape kwa maandishi jinsi bili inavyogawanywa. Tumeona wapangaji wa juu wakilipia joto la wa chini bila kujua.

Gesi na umeme wa Galesburg unaletwa na Ameren Illinois. Siku ya kufungua akaunti ombeni malipo ya usawa, yaani makadirio ya mwaka mzima yagawanywe kwa miezi 12, ili Januari isiwaangukie kwa mpigo. Kisha ombeni LIHEAP, msaada wa serikali wa kulipia nishati. Peleka vitambulisho, namba za Social Security za wote nyumbani, hati za mshahara za siku 30 zilizopita na bili. Maombi hufunguliwa vuli, na fedha zikiisha zimeisha, msingoje Februari. Aliyepokea LIHEAP hakatiwi huduma ya kupasha joto kati ya Desemba 1 na Machi 31, na siku yoyote ambayo utabiri unasema ni nyuzi 32 za Fahrenheit au chini, hakatiwi mtu.

Kwenye kirekebisha joto cha ukutani wekeni nyuzi 68 za Fahrenheit mkiwa macho, pungufu kidogo usiku. Mkisafiri msishushe chini ya 55, kwa sababu kinachopasuka kwanza si nyinyi, ni mabomba. Filta ya hita ibadilishwe kila mwezi mmoja hadi mitatu. Kwenu, kwa ajili ya pumu, kila mwezi. Ukubwa wake umeandikwa ubavuni, kwa mfano 16x25x1, na mshale uelekee kwenye hita. Filta iliyoziba huilazimisha hita kupata joto kupita kiasi, nayo hujizima, na wengi humwita fundi kwa kitu ambacho wangekibadilisha wenyewe kwa dola chache. Hewa ya hita ni kavu mno na hukwaruza koo la mwenye pumu. Kipimo cha unyevu cha dola 10 kikionyesha kati ya asilimia 30 na 50, mko salama. Ikizidi, madirisha yatatoa jasho na kuvu itaota.

Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 za Fahrenheit, fungueni milango ya kabati chini ya sinki zilizo kwenye ukuta wa nje na muache bomba lidondoke matone. Siku ya kwanza kabisa, mjue koki kuu ya kufunga maji iko wapi, na mtoto wa miaka 11 naye ajue. Bomba likiganda, fungeni koki kuu, fungueni bomba la sinki, kisha mpashe kwa mashine ya nywele mkianzia upande wa sinki kurudi nyuma. Msitumie moto.

Tukizungumzia moto, tusikilize kwa makini, dada. Jiko la mkaa lisiingie ndani wala besimenti wala gereji, hata dakika kumi, hata mlango ukiwa wazi. Wala jiko la gesi la kupikia lisiwashwe kwa kupasha chumba. Nyumba za kwetu hupumua. Hizi zimezibwa kila ufa, na mkaa hutoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Illinois tangu 2007 inataka king'ora cha gesi hiyo kiwepo ndani ya futi 15 kutoka kila chumba cha kulala. Kama hakipo, mwenye nyumba akiweke kabla hamjaingia. Hita ndogo za umeme zichomekwe moja kwa moja ukutani, kamwe si kwenye waya wa kuongezea, na ziwe mita moja kutoka kitanda na pazia. Mjue pia bei yake: wati 1,500 kwa saa 8 kila usiku ni uniti 360 kwa mwezi. Kwa senti 15 kwa uniti, ni dola 54 kwa chumba kimoja.

Nguo msinunue Dallas, hamtapata za kufaa. Zinunueni Galesburg mwezi wa Septemba kwenye maduka ya mitumba, kabla wengine hawajaamka. Kila mtoto: koti moja zito, suruali ya theluji, buti zisizopitisha maji zilizozidi mguu kwa saizi moja ili soksi nene isibane damu, na glavu jozi mbili, maana moja itapotea. Glavu za kifuko, zisizotenga vidole, hushinda zenye vidole. Shuleni watoto hutolewa nje kucheza hata kwenye theluji, na asiye na suruali ya theluji hubaki pembeni akitazama. Pamba ikilowa haikauki upesi, soksi ziwe za sufu au za sintetiki. Wa pumu afunike mdomo na pua kwa skafu, na muulizeni daktari kama apulize dawa kabla ya kutoka. Baridi ikichanganyika na upepo ikafika −28 za Selsiasi, ngozi iliyo wazi huganda kwa nusu saa. Mahali palipokufa ganzi na kupauka msipasugue. Tumbukizeni kwenye maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi 39, kisha hospitali.

Mdogo akiwa kwenye kiti chake cha gari, mvueni koti kwanza, mkaze mikanda, kisha mfunike na koti juu. Koti nene chini ya mkanda husinyaa gari likigongwa, na mtoto huchomoka.

Gari lenyewe lina jambo moja linalowaponza watu wa kusini. Huko Texas wengi huongeza maji matupu kwenye rejeta. Maji hayo yakiganda hupasua injini. Fundi apime kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kuganda, kabla ya safari. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hustahimili hadi −37. Mwageni na maji ya kufutia kioo, mtie ya kustahimili −29. Betri ya zaidi ya miaka minne ipimwe, kwa sababu kwenye −18 hubaki na karibu nusu ya nguvu yake. Kutoka Galesburg hadi Monmouth ni kilomita kama 25 kwa barabara ya US 34, mashamba matupu kushoto na kulia, na upepo huirudisha theluji barabarani dakika chache baada ya greda kupita. Tangi lisishuke chini ya nusu. Gari likikwama, mumeo abaki ndani, aondoe theluji kwenye bomba la moshi, na awashe injini dakika kumi kila saa.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye Januari. Mumeo aende yeye kwanza, akae kwa binamu, aanze kazi, na aipitishe baridi moja akiwa peke yake. Wewe na watoto mfuate mwanzoni mwa Juni shule ikifungwa. Faida ni nyingi: mtaziona nyumba zaidi ya moja, mtoto hatakatishwa masomo katikati, na akiba haitaliwa na bili ya kwanza. Deposi na kodi ya mwezi mmoja ni 1,400, gari la mizigo kwa zaidi ya kilomita 1,200 si bure, na ikimezwa yote Januari hakuna kitakachobaki hita ikisumbua. Mwenye nyumba akisema atampa mtu mwingine, ampe. Katika mji uliopoteza watu 7,000, nyumba haziishi.

Mshahara nao upimeni vizuri. Kima cha chini Illinois ni dola 15 kwa saa tangu 2025. Texas ni 7.25. Lakini Illinois hukata kodi ya jimbo ya asilimia 4.95, ambayo Texas haipo. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haivuki mpaka wa jimbo: mtafunga ya Texas na kuomba upya Illinois, kwa hiyo chukueni dawa za pumu za mwezi mzima kabla ya kuondoka. Leseni ya udereva ibadilishwe ndani ya siku 90. Hospitalini na shuleni dai mkalimani, ni haki yenu na ni bure. Taja wazi kwamba ni wa Kiswahili, kwani wakisikia Kongo huenda wakawaletea wa Kifaransa.

Giza litakusumbua kuliko unavyodhani. Desemba jua huzama saa kumi na nusu jioni, na mwenye zamu ya mchana hulikosa wiki nzima. Mwulizeni daktari kuhusu vitamini D, kwenu nyote watano. Masika huja na vimbunga: king'ora cha mji kikilia, shukeni besimenti mara moja, mbali na madirisha. Kikilia Jumanne ya kwanza ya mwezi saa nne asubuhi na mbingu ni safi, ni majaribio. Halafu inakuja Juni, jua linazama baada ya saa mbili na nusu usiku, na udongo wa huko ni mweusi na mzito kwa rutuba. Lengalenga na matembele hustawi mno mkipanda mwishoni mwa Mei, ila mbali na ukuta wa nyumba, ambako vipande vya rangi ya zamani vimedondoka. Mihogo msijaribu. Baridi ya Oktoba itaikuta bado haina mizizi.

Kwa leo, mwombe binamu picha tatu: kibandiko cha hita, bomba la maji pale alipolikwaruza, na bili ya gesi ya Januari iliyopita. Asipopewa hiyo ya tatu, aanze kutafuta nyumba nyingine.